Jumamosi Nane za Bi Strunk

Jumatano, 4 Septemba

Tumeibiwa. Gaylon alitangulia kufika nyumbani, mimi nilikuwa bado nasugua masufuria kwenye jiko la shule. Niliporudi nilimkuta amesimama baraza ya nyuma, kioo cha mlango kimevunjwa, naye ameshika kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani.

"Wamechukua msumeno wa injini," alisema. "Na bastola ya Baba."

Bastola ya marehemu baba yake ilikaa miaka ishirini na mbili ndani ya boksi la viatu, juu ya kabati la nguo, bila risasi hata moja. Ilikuwa kumbukumbu tu. Televisheni ipo. Kabati la bunduki za kuwindia, lenye kufuli ya namba, halikuguswa.

Nikaingia jikoni, na pale ndipo nilipojua. Asubuhi nilikuwa nimeacha maharage na mkate wa mahindi. Havipo. Sahani moja na uma mmoja vimeoshwa na kuinamishwa juu ya kitambaa, kitambaa kimekunjwa mara tatu, jinsi nilivyomfundisha mtu mmoja tu duniani. Nikachungulia chini ya chungu cha maua. Ufunguo wa akiba upo, lakini umegeuzwa. Na Skeeter, mbwa anayembwekea hata mchungaji wetu, alikuwa amelala kwa amani zake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni Colton, mwanangu wa pekee, miaka ishirini na sita.

Nikachukua ufagio haraka. Vioo vilikuwa vimeangukia nje, barazani, maana yake kioo kilipigwa kutoka ndani. Nadhani Colton alikivunja wakati anatoka, ionekane ni kazi ya mgeni. Nikavizoa vyote kabla Gaylon hajaanza kutumia akili.

Naandika haya kwenye daftari langu la mapishi, nitalificha ndani ya kopo la unga. Tangu tuoane Gaylon hajawahi kufunua kopo la unga.

Alhamisi, 5 Septemba

Askari wa sherifu alikuja, akanywa vikombe viwili vya kahawa. Gaylon alimwambia habari ya msumeno. Ya bastola hakuitaja. Nilimtazama, naye akatazama kahawa yake.

Mtu asiyeripoti bastola iliyoibwa amepanga kuyamaliza mwenyewe. Sijasahau mwezi wa Machi, siku alipomfukuza Colton kwa kuuza mkoba wa vifaa vya baba yake. Miaka thelathini Gaylon alikuwa fundi wa nyaya za umeme, mtu wa maneno machache, lakini siku ile alisema yote: "Nikikukuta tena ndani ya nyumba hii, mimi sikujui. Nitakuchukulia kama mwizi yeyote." Colton alikuwa anatetemeka, vidonge vimemwishia. Mgongo uliumia kwenye kiwanda cha mbao, daktari akampa vidonge vya maumivu, vidonge vikamchukua mtoto.

Sasa ili nionekane mwanamke anayeogopa mgeni, nikasema mbele ya askari: "Kuanzia leo bastola niliyoachiwa na baba yangu mimi, marehemu, inalala kwenye droo ya jikoni, na imejaa risasi. Atakayepita mlango huo simuulizi jina."

Gaylon aligeuka rangi kama unga. Nilifikiri ni kwa sababu nimemwingilia zamu yake.

Jumapili, 8 Septemba

Mvua hakuna tangu Julai. Gaylon ametuandikisha kozi ya bastola ya kujilinda, ya wanandoa, Jumamosi nane. Hakuniuliza. "Asubuhi kila Jumamosi," alisema, "mpaka Novemba."

Jumamosi, 14 Septemba. Ya kwanza.

Uwanja uko kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, ng'ambo ya kijito. Mwalimu ni Bi Roberta Strunk, zamani askari wa sherifu, mfupi kama kisiki, anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda bila kukatisha sentensi. Tuko jozi nne. Jozi moja ni vijana, akina Ledbetter, wamevaa kofia za kufanana.

"Mmekuja kujifunza kupiga risasi," Bi Strunk alisema. "Hata nyani anaweza kufundishwa. Mimi nafundisha kutopiga. Uso, mikono, ndipo uamue. Semeni."

Tukasema kama watoto wa shule ya Jumapili: uso, mikono, ndipo uamue.

Aliitazama bastola ya baba yangu, ile fupi ya matundu matano, akaguna. "Hii ipeleke makumbusho, dada. Darasani utatumia yangu." Kwa hiyo ya baba imerudi droo ya jikoni, chini ya vitambaa. Gaylon anatumia bastola yake mwenyewe na magazini mbili za darasani, yale makasha ya kujazia risasi. Ya tatu, ya nyumbani, haitoki kwenye droo ya kitanda, upande wake. Imejaa risasi. Mimi hulala umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye risasi hizo na namuwaza mwanangu.

Gaylon alipiga shabaha kumi kwa kumi. Sikufurahi.

Jumanne, 17 Septemba

Joto. Watoto mia mbili na kumi leo, skonzi zote zikaisha.

Jumamosi, 21 Septemba. Ya pili.

Leo shabaha zina picha za watu. Wengine wameshika kisu, wengine simu, mmoja ameshika mtoto mchanga. Bi Ledbetter akampiga wa simu, mumewe akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Cheka tu, mdogo wangu," Bi Strunk akamwambia. "Huyo ni jirani yako alikuja kukurudishia ngazi. Nenda kamzike."

Wakati wa maswali Gaylon akanyoosha mkono. Gaylon, ambaye hata kanisani hanyooshi mkono! "Bi Strunk, na kama aliyeingia si mgeni? Sheria inasemaje?"

Anauliza sheria! Anapima atafungwa miaka mingapi!

Bi Strunk akatema ganda. "Sheria ni ya baadaye, mzee wangu. Kwanza una mdomo. Muite."

Njiani nilipandisha kioo. Vumbi lilikuwa jingi hata mbele hatuoni.

Alhamisi, 26 Septemba

Gaylon amefunga taa kuzunguka nyumba yote, sita, zinazowaka zenyewe kitu kikipita. Kwenye baraza ya nyuma unaweza kusoma Biblia usiku. "Ili tuone vizuri uso," alisema. Mtego, nikasema moyoni. Anamtegea mwanawe kama anavyomtegea rakuni mwizi wa kuku.

Jumamosi, 28 Septemba. Ya tatu.

Kupakua, kuhakiki kwa jicho, kuhakiki kwa kidole. Mara mbili kila mara. Mikono inaniuma.

Jumatano, 2 Oktoba

Hakuna jipya.

Jumamosi, 5 Oktoba. Ya nne.

Sasa tumepewa kazi ya nyumbani: mazoezi kwa bastola tupu, risasi ziwe chumba kingine, na mkimaliza mseme kwa sauti, "Tumemaliza," msije mkasahau mkarudia na bastola imeshajazwa. Bi Strunk anasema televisheni tatu za kaunti hii zimekufa hivyo, na friji moja.

Ametuletea makopo ya risasi za plastiki nyekundu, za kila aina ya bastola, za kufanyia mazoezi palepale darasani. Umbo na ukubwa ni sawasawa na za kweli. Hazina baruti. Huwezi kumuua hata panya.

Jioni Gaylon alinipa bastola yake ikiwa tupu, akanisimamisha kwenye korido, yeye akajificha chumba cha kufulia, halafu anatokea ghafla. Mara ameshika kopo, mara kitabu cha nyimbo, mara koleo.

"Umefyatua kabla hujatazama!"

"Nimekutazama. Ni wewe, na huyo si mtu wa kumkosa."

Hakucheka. "Tena, Verna. Sema unachokiona kabla kidole hakijaingia."

Mara kumi na mbili. Mara ya kumi na mbili alikuwa na jasho, na sauti yake ilikwaruza. Nikamwambia, "Gaylon, mimi ni mpishi wa shule. Unanifanya askari ili nikusaidie nini?" Akajibu, "Ili usije ukajuta." Akatoka nje kwenda kumtazama ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote.

Miaka thelathini na moja nimelala na mtu huyu. Leo nilimwogopa, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatano, 9 Oktoba

Dada wa kituo cha mafuta aliniambia kwa kunong'ona, huku anapanga sigara: "Verna, mwanao nimemwona. Analala kwenye kile kiwanda cha mbao kilichofungwa. Amekonda, mama, suruali ameifunga kwa kamba."

Nikapika sufuria ya maharage, nikaweka kwenye kopo la kahawa, nikaenda nalo kiwandani. Blanketi nililiona. Yeye sikumwona. Nikaita mara mbili, nikaacha kopo juu ya gogo.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nilipita tena baada ya kazi. Kopo liko palepale juu ya gogo, tupu, limeoshwa. Nililia ndani ya gari mpaka kioo kikaingia ukungu.

Nimepika tena. Nitapeleka kila nikiweza. Mchelea mwana kulia hulia yeye, najua, mama yangu mwenyewe angenisema hivyohivyo. Basi niseme nimeshasikia.

Jumamosi, 12 Oktoba. Ya tano.

Mtu akiingia mlangoni, asema Bi Strunk, usimpe nafasi ya kukukaribia chini ya hatua saba. Hatua saba ni korido yetu nzima. Nilipima kwa macho yangu mwenyewe: kutoka kitandani, upande wa Gaylon, mpaka mlango wa chumba cha kufulia ni sita na nusu.

Wakati wa kufunga vifaa kopo la risasi nyekundu lilikuwa wazi juu ya meza. Bi Strunk alikuwa anamgombeza kijana Ledbetter. Nikateka kiganja kizima nikatia mfukoni mwa gauni. Sijawahi kuiba kitu maishani, hata pipi.

Jumapili, 13 Oktoba

Nilisema tumbo linaniuma, Gaylon akaenda kanisani peke yake. Nikafungua droo yake. Nikatoa risasi za kweli kutoka magazini ya nyumbani, moja baada ya nyingine, kumi na tano, kama mtu anayetoa mbegu. Nikaingiza nyekundu kumi na tano. Nikarudisha kila kitu kilivyokuwa, hata miwani yake juu. Za kweli nimezizika ndani ya kopo la unga, pamoja na daftari hili.

Kama Bi Strunk alivyosema, nikatamka kwa sauti: "Nimemaliza." Skeeter akanitazama.

Leo nitalala.

Jumatano, 16 Oktoba

Kumekuwa na baridi ya kwanza. Koti la kahawia la Gaylon, la kuwindia, halipo msumarini. Nikamuuliza. "Nimelipeleka kushonwa zipu." Zipu ya koti lile ilikuwa nzima.

Jumamosi, 19 Oktoba. Ya sita.

Bi Strunk alipasua mbegu ya tunda la porini kwa kisu chake, sote tukasogea kutazama. Ndani kuna umbo la kijiko. Wazee wa hapa husema kijiko ni dalili ya theluji nyingi, ya kuzoa kwa koleo. "Mwenye mtu nje amwite ndani," alisema, halafu akatema ganda. Nilitazama chini. Nilipoinua macho Gaylon naye alikuwa anatazama chini.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimechoka na taa zake. Paka akipita tu, nyumba nzima mchana.

Jumamosi, 26 Oktoba. Ya saba.

Leo shabaha inatokea nyuma ya ubao, una sekunde mbili. Nilipiga mwenye kisu. Nikapiga mwenye shoka. Halafu akatokea kijana wa kofia ya sweta, shavu limeingia ndani, mkono mmoja nyuma ya mgongo. Picha tu ya karatasi, najua. Nikashusha bastola.

"Wewe! Mkono wake mmoja huuoni," Bi Strunk alifoka. "Unasubiri nini?"

"Nasubiri auonyeshe," nikasema.

Nyuma yangu nikamsikia Gaylon: "Safi, mke wangu. Safi sana." Nikageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikadhani ni vumbi, lakini leo hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

Sielewi. Mtu anayemtegea mwanawe hamsifu mkewe kwa kutopiga. Usiku mzima nimeligeuza jambo hili kama skonzi kwenye kikaango.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua, hatimaye.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mvua. Watoto wa kuomba pipi za Halloween hawakuja, barabara ni tope.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua bado. Kijito kimepanda, daraja la chini halionekani. Leo sikuweza kufika kiwandani, nimempigia dada wa kituo cha mafuta, anasema maji yameingia mpaka kwenye mashine. Sijui mwanangu yuko wapi.

Jumamosi, 2 Novemba. Ilikuwa iwe ya nane.

Nataka niandike kabla sijaanza kuyapamba.

Bi Strunk alipiga simu saa moja asubuhi. Daraja limefunikwa, hakuna darasa. Mvua ya mawe ilikuwa imetabiriwa, Gaylon akaliingiza pikapu ghalani na kufunga milango. Kwa hiyo mtu akiitazama nyumba yetu kutoka barabarani anaona nyumba ya watu waliokwenda machimboni, kama kila Jumamosi.

Saa nne hivi tulikuwa chumbani. Mimi nashona pindo la pazia, yeye amejilaza na gazeti. Ufunguo ukaingia kwenye kitasa cha mlango wa nyuma. Wala haukubabaika. Unaujua mlango.

Skeeter akainuka. Hakubweka. Mkia ukaanza kupiga kabati, pu, pu, pu, akatoka mbio kuelekea korido.

Gaylon alikuwa ameshakaa. Aliutazama ule mkia. Akafungua droo.

Na hapo ndipo nilipouona upumbavu wangu. Wiki tatu nilikuwa najipongeza kwamba nimemwokoa mwanangu kwa baba yake. Sikuwahi kufikiri upande wa pili. Colton ana bastola ya babu yake. Ana njaa, pengine ana homa ya kukosa vidonge, anaamini nyumba ni tupu. Atamwona mzee anamwelekezea bastola, na ataogopa, na mtu aliyeogopa hufanya lolote. Na mume wangu amesimama pale na plastiki kumi na tano. Nimemvua silaha mwenyewe, kwa mikono hii, siku ya Jumapili.

"Gaylon," nikanong'ona, "usi..."

Akanizuia kwa kiganja. Akasimama nyuma ya fremu ya mlango, bega ndani, jinsi tulivyofundishwa. Hatua za mtu zilikuwa zinakuja taratibu koridoni, viatu vimejaa maji. Sita na nusu. Tano. Gaylon akavuta pumzi, akaita kwa sauti aliyokuwa akimwitia kutoka juu ya nguzo za umeme, wakati mtoto ana miaka saba na amemletea chakula cha mchana:

"Colton! Tuko nyumbani, mwanangu. Mimi na mama yako. Usishtuke."

Hatua zikasimama.

Nilimtazama mume wangu. Alijua. Ni tangu lini?

"Baba?" Sauti ilikuwa nyembamba. "Pikapu halipo."

"Liko ghalani. Nionyeshe mikono, mwanangu. Yote miwili. Taratibu."

"Kuna kitu nimeshika."

"Najua ulichoshika. Kiweke chini."

"Nilikuja kuirudisha tu. Nilidhani mko machimboni, kwa yule mama wa bastola. Nilitaka niiweke kwenye boksi niondoke."

"Basi iweke chini, twende tukale."

Nikasikia kitu kinagusa mbao za sakafu. Gaylon akaiweka bastola yake juu ya kitanda, akatoka mikono mitupu. Nikatoka nyuma yake. Colton alikuwa amesimama karibu na chumba cha kufulia, anachuruzika maji, mifupa ya mashavu imejitokeza kama ya yule wa karatasi. Mwilini amevaa koti la kahawia la kuwindia. Zipu nzima.

Nilimshika. Ananuka moshi na nguo mbichi, na ni mwepesi, Mungu wangu, ni mwepesi. Skeeter alikuwa anaimba.

Jikoni nikawasha jiko, mayai, viazi, kila kilichokuwepo. Colton alikula sahani ya kwanza bila kuinua kichwa. Gaylon akaziweka bastola zote mezani, juu ya taulo: yake, ya baba yake iliyofungwa ndani ya mfuko wa mkate, na ya baba yangu kutoka kwenye droo ya vitambaa.

"Tuzipakue," akasema. "Kama tulivyofundishwa."

"Gaylon, subiri. Kuna jambo nataka..."

Ameshachomoa magazini yake. Akasukuma risasi ya kwanza kwa kidole gumba, ikadondoka mezani, nyekundu. Ya pili, nyekundu. Akanitazama.

"Nilidhani utampiga," nikasema. "Ulisema Machi. Ulisema utamchukulia kama mwizi yeyote. Hukuripoti bastola. Ukafunga taa, ukauliza mambo ya sheria..."

"Sikuripoti kwa sababu wangemkamata na silaha, Verna!" Aliweka magazini chini. "Taa nilifunga ili *wewe* umwone uso. Wewe ndiye uliyesema mbele ya askari hutamuuliza mtu jina. Mimi sikulala wiki ile. Nilijua ni yeye tangu nilipoona sahani. Nikavunja kioo ili usijue, usife moyo."

"Kioo ulivunja wewe?"

"Kwa kiwiko. Nilikuwa na haraka, gari lako lilikuwa linapanda kilima."

"Kutoka ndani, Gaylon. Vioo viliangukia nje. Mimi nilivifagia ili wewe usijue!"

Alichukua bastola ya baba yangu, akaifungua tumbo, akaiinamisha. Plastiki tano nyekundu zikamwagika juu ya taulo, zikabingirika mpaka kwenye sahani ya Colton.

"Tangu Jumamosi ya nne," akasema. "Nilizichota wakati Bi Strunk anakunywa kahawa."

Nilianza mimi kucheka. Halafu yeye. Tulicheka vibaya, ile ya kushika meza, machozi yanatoka, mzee mzima anagonga paji la uso kwenye taulo. Miezi miwili tumelala chali kila mmoja anamlinda mtoto dhidi ya mwenzake, na nyumba ina bastola mbili ambazo haziwezi kuua panya.

Colton hakucheka. Alikuwa ameacha kula.

Gaylon akajifuta macho, akauvuta mfuko wa mkate. Akaitoa bastola ya baba yake, ile ya kumbukumbu, iliyokaa miaka ishirini na mbili bila risasi. Akahakiki, kwa jicho. Kicheko kikamkatika. Akaivuta sehemu ya juu nyuma, na kitu kikaruka, kikaanguka mezani kwa sauti nzito kuliko zile zote. Cha shaba. Moja tu.

Akahakiki kwa kidole. Akahakiki tena. Hakukuwa na nyingine.

"Hii ni ya nani, mwanangu?" Gaylon aliuliza. "Ulikusudia impate nani?"

Colton aliitazama ile risasi. Mvua ilikuwa inapiga bati la baraza. Nikajua jibu kabla hajalisema, na nikatamani nisiwe nimelijua.

"Maji yaliingia usiku wa juzi," akasema. "Nikakaa juu ya mashine nayo mkononi mpaka asubuhi. Nilikuwa naiogopa ikikaa na mimi, Baba. Ndiyo maana nimeileta."

Gaylon alizunguka meza. Ni mtu asiyejua kukumbatia, hukumbatia kama anayebeba nguzo. Aliubeba ule mwili wote na koti lake, na akalia kwa sauti mbele yangu kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama yake. Mimi niliichukua ile moja ya shaba nikatoka nayo kwenye mvua, sina hata viatu, sijui nilikuwa naipeleka wapi. Nilisimama katikati ya uwanja nimeifumba ngumini mpaka taa zote sita zikaniwakia.

Jumapili, 3 Novemba

Colton alilala kwenye kochi, Gaylon amekaa sakafuni kando yake mpaka asubuhi. Tumempeleka kwenye nyumba ya matibabu ya kuacha vidonge, mwendo wa saa mbili. Alitapika njiani mara nne. Mlangoni nilifikiri atageuka. Hakugeuka. Wahudumu hawaahidi kitu.

Jumatano, 6 Novemba

Maharage mengi mno. Nimezoea kupika ya watu wawili na kopo.

Jumamosi, 9 Novemba. Ya nane.

Daraja limetoka majini. Tulikwenda machimboni na bastola zote tatu na bunduki za kuwinda, na kabla ya somo tukamwomba Bi Strunk atuwekee kwenye sefu yake, kwa muda usiojulikana. Nikamrudishia nyekundu kumi na tano. Gaylon akamrudishia tano. Akazihesabu kiganjani, akatutazama mmoja mmoja.

"Niwaambie kitu," alisema. "Kila msimu risasi hizi hunipotea. Kila msimu. Siku hizi naagiza za ziada, na siulizi." Akatema ganda. "Yuko hai?"

"Yuko hai," tukasema kwa pamoja.

"Basi mmefaulu. Nendeni nyumbani, mnanizibia njia."

Mchana Colton aliruhusiwa simu ya dakika tano. Aliniuliza Skeeter hajambo, akaniuliza kama koti alirudishe. Nikamwambia alivae.

Jioni nilikuwa naosha vyombo. Kupitia dirishani nilimwona Gaylon anatoka barazani, anatazama huku na huku kama yeye ndiye mwizi. Akainama, akainua chungu cha maua, akaweka ufunguo. Akaondoka hatua mbili, akarudi, akaugeuza, meno yaelekee ukutani, vile ninavyouweka mimi. Aliporudi ndani nilikuwa nasugua sufuria ambalo lilishakuwa safi.